Mfuto na Kilele

Karani wa mgao ana ubao mfupi.
Kopo likijaa anaupitisha juu, taratibu,
na unga uliozidi unarudi guniani.
Huo ndio mfuto.
Hana ubaya, kijana wa watu. Anahesabu vichwa,
na kichwa cha Mberwa kilifutwa vivyo hivyo
mwezi ule alipokwenda Mkata kupakia machungwa
akachelewa siku ya kuonyesha sura.

Kwetu, kando ya mto Juba, hatukuwa na ubao.
Ulimimina mpaka mahindi yenyewe yakatae,
yateremke ubavuni mwa pishi, kuku waokote.
Kilele. Kumpimia mgeni pungufu ya hapo
ni kumtukana mama yake.

Kisha wakaja usiku, na magari.
Ghala lilichotwa, kilichobaki kikatiwa moto.
Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia karani:
mahindi yakiungua, saa ya kwanza yananukia bisi.
Watoto wanakimbia, wanalia,
na mate yanawatoka.

Handeni walituambia, hapa ndipo kwenu.
Babu wa babu zetu walitolewa hapa wamefungwa shingo;
sisi tumerudi na maneno yao mdomoni.
Kisimani nilisema *mazi*,
na Mama Sechambo akacheka hata akashikilia kamba:
"Wewe! Unasema kama marehemu bibi yangu!"
Jioni akaja na unga wa bada
katika kikombe cha buluu kilichokatika mkono,
kilele kirefu, anatembea kama aliyebeba yai.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua.

Sasa makopo mawili yamekuwa moja.
Uji wetu umekuwa kioo,
Majuma hujitazama humo kabla hajaunywa,
hukunja uso, hucheka, hunywa na kile kicheko.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kumaliza kiroba nako ni haba na haba,
ila hiyo hawajaitungia methali.

Jana, kabla ya magharibi, hodi.
Mama Sechambo. Hakukaa.
Alisema juu ya mbuzi, juu ya mchwa waliokula mlango,
juu ya mahindi yake yaliyotoa mbelewele yakakauka yamesimama,
na mkono mmoja ulikuwa nyuma, chini ya kanga.
Mtu anayeficha chombo namjua.
Nimekuwa yeye, kwa vijiji vingi.

Kirobani mlikuwa na makopo manne.
Siku za kufika mgao, tisa.
Nikakipokea kikombe cha buluu bila yeye kukitaja.
Nikachota. Unga ukafika ukingoni, ukaanza kupanda,
na mkono wangu, sikuutuma,
ukanyooka, kiganja bapa,
ukapita juu.

Akasema ahsante
kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Mama mkwe haoni tena, mwaka wa pili huu.
Tulikuwa tumelala, nikidhani amelala.
"Umempimiaje?"
Nikanyamaza. Majuma alikuwa akisaga meno usingizini.
"Nimesikia kiganja," akasema,
akageukia ukutani.

Ningemwambia nini? Kwamba tisa haigawanyiki kwa nne?
Kwamba heshima haipikiki?
Yeye aliyevuka mpaka na mbegu zimefundikwa pindoni,
na mjukuu wake wa kwanza akizikwa njiani,
na fundo halikufunguliwa?
Sijui kama alifanya vema. Hata yeye hajui.
Tulizipanda hapa. Ziliota.

Alfajiri nimekuja na ngumi moja ya unga
kwenye kipande cha gazeti.
Mlango wa Mama Sechambo bado umefungwa,
moshi hakuna.
Sijabisha. Nimeketi kizingitini kama mdeni.
Upepo wa asubuhi unaudokoa unga,
nami naufunika
kwa kiganja kile kile.